Mwendo wa Maongezi

Jumatatu, tarehe 24 Oktoba 2016, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kipimajoto cha banda la kupakia vifaa nta, pale kambini Kaltiovaara, kilisoma nyuzi tisa chini ya sifuri. Upepo haukuwapo. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imeanza kupata rangi, na magharibi wingu moja la kijivu lilikuwa limekalia kilima, halishuki wala haliondoki. Ardhi yote ilikuwa bado ya kahawia, isipokuwa utepe mmoja mweupe uliozunguka msituni na kurudi ulikotoka. Hiyo ilikuwa theluji ya mwaka uliopita, iliyolazwa chini ya vumbi la mbao majira yote ya joto na kufukuliwa wiki ile ile. Ilinuka karakana ya seremala, na hakuna aliyelalamika. Wanamichezo wa nusu ya nchi walikuwa wamekuja kuigombania, pamoja na basi zima la wastaafu kutoka Oulu.

Eljas Karppanen alikuwa ameinama akifunga skii zake, mbao ndefu za kutelezea theluji. Alitoka Kainuu, nchi ya maziwa na watu wasiopenda kusema jambo lililo wazi, na yeye alikuwa mkimya hata kwa kipimo cha huko. Kando yake walisimama wenzake watano wa klabu ya Ristivuoma, na mbele yao kocha, Hillevi Ruokamo, mwanamke mfupi aliyewahi kushinda medali tatu za taifa na ambaye hakupata kuzitaja hata siku moja.

"Sikilizeni, wanangu," alisema Hillevi. "Wiki hii ni mwendo wa maongezi. Unateleza huku unaongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umekwenda mbio, na mimi sikuwaita hapa mwende mbio. Mashindano ni Machi. Leo ni Oktoba. Kuna asiyejua kalenda?"

"Na saa zetu za mapigo ya moyo, Kocha?" aliuliza mmoja.

"Zivueni. Saa mtu huifunga atakapo na kuifungua atakapo. Mimi nasikiliza mdomo."

"Kocha, na Eljas je?" alidakia Visa Tiainen, mtu wa Savo, mwenye nywele nyekundu na ulimi usiolala. "Huyu hata ukimkanyaga haongei. Utajuaje kama anahema au ndivyo alivyozaliwa?"

Walicheka wote. Eljas naye alitabasamu, kwa upande mmoja.

"Ndiyo maana nimemweka na wewe," alijibu Hillevi. "Wewe una maneno ya watu wawili. Njoo hapa kidogo."

Alimvuta Visa pembeni, lakini Eljas alikuwa karibu na alisikia kila neno. "Misimu miwili mfululizo umeng'ara Oktoba na kuzima Desemba. Unajichosha kabla kazi haijaanza. Jumamosi tunafanya majaribio, na watu wanne wataingia kikosi cha mbio za kupokezana. Nakutaka humo. Lakini nikikuona umejiunguza tena, safari hii sitakuita mwakani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Kocha. Mwaka huu mimi ni kobe."

Eljas aliyasikia hayo kwa uzito kuliko Visa mwenyewe, kwa sababu alikuwa na deni kwake. Mwezi Machi, katika mashindano ya taifa, fimbo moja ya Eljas ya kujisukumia ilikatika katikati ya mlima mkubwa. Visa alitokea nyuma, akamtupia fimbo yake bila kuombwa, akaendelea na moja. Eljas alimaliza wa tano, nafasi ambayo hakuwa amewahi kuifikia kabla ya hapo. Visa aliingia miongoni mwa wa mwisho, akitania njia nzima. Nyumbani kwa akina Karppanen kitu kilichochukuliwa hurudishwa, na tangu siku ile Eljas hakuwa amepata namna ya kurudisha.

Walianza. Mizunguko miwili ilipita vizuri, Visa akihadithia harusi ya binamu yake na Eljas akiguna mahali panapostahili. Katika mlima wa mzunguko wa tatu sauti ililia nyuma yao.

"Njia! Njia, wanangu! Au mnangoja theluji ya pili?"

Walisogea. Akapita mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mmoja wa wale wa basi la Oulu, mwenye kofia nyekundu yenye shada juu na mkoba kiunoni. Alipolingana nao aliwatazama chini hadi juu.

"Ninyi ni wa klabu gani?"

"Ristivuoma, mama," alisema Visa kwa heshima.

"Ahaa. Mimi nilidhani ni chama cha wagonjwa wa nyonga." Akaenda zake.

Visa alimgeukia Eljas.

"Umemsikia?"

"Mm."

"Nyonga, Eljas! Mimi, nyonga!"

"Mwache."

"Namwacha. Namwacha kabisa. Namsindikiza tu mpaka pale kwenye mti." Na hapo hapo akachomoka.

Eljas hakubadili mwendo. Alimwona Visa akimpita yule mama, kisha akiwapita Waestonia wawili waliokuwa hawana habari kwamba wanashindana, kisha akipotea kwenye kona. Alimkuta juu ya mteremko wa mwisho, amejificha nyuma ya msonobari, mikono magotini, mvuke ukimtoka kama birika.

"Ngoja," Visa alisema. "Ngoja nipoe."

Alipopoa waliteleza pamoja hadi chini, ambako Hillevi alisimama na kikombe chake cha kahawa. Mteremko ule ulikuwa mrefu na haukudai nguvu yoyote. Mtu yeyote angefika chini akiwa na pumzi za kutosha.

"Visa! Umekula nini asubuhi?"

"Uji, Kocha, na mkate mweusi na siagi, na kipande cha jibini nilichomwibia Eljas wakati anatafuta neno la kunikataza!"

Hillevi alicheka, akawapungia waendelee. Walipozama tena msituni Visa alimsogelea mwenzake.

"Ndugu yangu, unaikumbuka ile fimbo?"

Eljas alimtazama.

"Basi leo naidai. Sitaki pesa, sitaki bia. Nataka unyamaze tu. Mimi nafanya mizunguko yangu, tunakutana juu ya mteremko, tunashuka kama malaika wawili. Nakuomba kazi ambayo unaijua kuliko mtu yeyote kaskazini hii. Tumelipana?"

Ilionekana bei nyepesi mno, na pengine hapo ndipo Eljas angepaswa kushtuka. Aliitikia kwa kichwa. Kwake, kuitikia kwa kichwa kulikuwa na uzito ule ule wa kiapo.

Siku zilizofuata Visa alipata kila aina ya sababu. Mara Waestonia walimkodolea macho. Mara kijana wa klabu nyingine alivaa suti mpya kwa maringo. Mara kofia nyekundu ilionekana mbele, na hilo lilitosha. Kila mzunguko alikwenda kama anayefukuzwa, akapoa nyuma ya msonobari, akashuka na utani mpya kwa kocha. Hillevi, aliyewaamini watu wazima aliowapa maelekezo ya wazi, aliridhika.

Eljas hakuridhika. Jumanne alikiona kijiko cha uji kikitetemeka mkononi mwa Visa. Jumatano Visa alilala baada ya chakula cha mchana akakosa kahawa ya alasiri, yeye ambaye hakukosa hata kahawa ya msibani. Na jioni ya siku hiyo, katika sauna, jambo baya zaidi lilitokea: Visa hakuongea. Alikaa benchi la juu, kichwa chini, maji yakamwagwa juu ya mawe ya moto, mvuke ukapanda ukawachoma mabega, na yeye kimya. Wenzao walitoka mmoja mmoja kwenda kujipoza nje. Walibaki wawili.

"Unaungua," alisema Eljas.

"Ni sauna, bwana. Ulitaka nigande?"

"Unajua nisemalo."

Eljas alitafuta maneno kwa muda mrefu, kama mtu anayepapasa funguo gizani, kisha akayatoa yote pamoja.

"Kesho asubuhi nitamwambia Kocha. Nakwambia wewe kwanza, usije ukasema nilikwenda mgongoni kwako."

"Na fimbo?"

"Fimbo nitailipa. Kwa kunyamaza, hapana."

"Ulikubali. Kwa kichwa chako hicho hicho."

"Nilikubali. Navunja neno langu na najua kwamba nalivunja."

Visa alicheka bila furaha. "Miaka yote hii mtu hafungui kinywa, na siku anapokifungua ni kunichoma mimi." Alishuka benchi, akatoka, akauacha mlango wazi.

Eljas alibaki katika joto lililokuwa likikimbia. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Neno lake lilikuwa mali yake pekee ambayo hakuwahi kuipunguza, na sasa alikuwa anaipunguza. Lakini aliona vilevile kwamba ahadi ya kumficha rafiki mpaka aangamie si malipo ya deni lolote. Hiyo ingekuwa kumpokonya mtu fimbo ya pili.

Alhamisi, kabla ya skii kufungwa, alikwenda akasimama mbele ya Hillevi. Visa alikuwa hatua tatu kando yake, uso umekauka.

"Kocha, Visa hatelezi mwendo wa maongezi," alisema. "Tangu Jumatatu anakwenda mbio mlimani, anapoa nyuma ya msonobari juu ya mteremko, ndipo anashuka kukutania. Mimi nilijua na nilinyamaza kwa sababu nilimwahidi. Mkono wake unatetemeka, na jana sauna hakusema kitu. Nataka awe na nguvu Machi. Nimemaliza."

Wenzao waliduwaa. Mmoja wao aliapa baadaye kwamba hakuwa ameyasikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kwa Eljas tangu wafahamiane.

Hillevi aliweka kikombe chini. Alivua glavu, akashika shingo ya Visa kwa vidole viwili, akahesabu mapigo ya moyo yaliyokuwa yakienda mbio.

"Na hujapiga hata hatua moja," alisema. "Kweli au uongo, anayosema?"

Visa alitazama theluji. Angeweza kutania. "Kweli, Kocha."

"Vizuri. Leo hutelezi, utalala. Kuanzia kesho utakwenda nyuma ya Eljas, na ukimpita hata kwa ncha ya skii unapanda basi kurudi nyumbani. Tena mdomo wako umeponza mwili wako, kwa hiyo utaufunga. Atakayeongea ni Eljas, mfululizo, na nimsikie kutoka kokote nitakaposimama. Wewe uliyenyamaza siku tatu, Eljas, maneno yamekulimbikia. Yatoe."

"Niongee nini?" aliuliza Eljas, na kwa mara ya kwanza kambini sauti yake ilikuwa na hofu.

"Hilo ni shauri lako."

Ijumaa Eljas alianza kwa kuhesabu miti. Kisha akataja aina za samaki wa ziwa la kwao. Visa alimfuata nyuma, kimya na mwenye hasira bado, skii zake zikikwaruza. Katika mzunguko wa pili, samaki walipokwisha, Eljas aliishiwa, na kwa kukata tamaa akaanza kisa cha mjomba wake Kalervo na jirani yake, waliorithi mashua moja nusu kwa nusu na kugombana wiki hiyo hiyo.

"Mjomba akapaka rangi nusu yake, ya kijani. Jirani akapaka yake, nyeupe. Hawasemezani. Lakini hakuna awezaye kwenda kuvua na nusu mashua. Kwa hiyo kila asubuhi wanakutana ufukweni bila salamu. Mmoja anapiga makasia, mwingine anatega nyavu. Miaka kumi na moja."

Nyuma yake skii ziliacha kukwaruza.

"Samaki akinaswa upande wa kijani ni wa mjomba, upande mweupe ni wa jirani. Akinaswa katikati wanamtazama mpaka mmoja aone aibu."

Walipofika mlimani Eljas aligundua kwamba Waestonia walikuwa wamejiunga nyuma, na nyuma yao kofia nyekundu.

"Endelea, mwanangu," ilisema kofia. "Ikawaje?"

"Mashua ikazama. Wakatembea majini hadi ufukweni, wakazungumza kwa mara ya kwanza. Kila mmoja alidai kwamba nusu iliyotoboka ni ya mwenzake."

Kishindo kilitoka nyuma. Visa alikuwa ameanguka pembeni mwa njia, chali, fimbo huku na skii kule, akicheka hadi machozi yakamtoka. Hakuvunja amri, kwa maana kicheko si neno. Kocha aliyasikia yote kutoka bondeni, akaendelea kunywa kahawa yake.

Jumamosi Hillevi aliwaruhusu kushindana. Eljas aliingia wa kwanza. Visa alianza taratibu, akazuia kiburi chake mlimani, akamaliza wa tatu akiwa bado amesimama wima. Hillevi alisoma majina manne, na jina lake lilikuwamo.

"Mpaka hapo sawa," alimwambia. "Desemba nitakutazama tena."

"Desemba utamkuta kobe, Kocha."

Wanaklabu wote walikuwa wanapanga skii kwenye gari lao wakati Visa alipomshika Eljas bega.

"Sikia. Ulivunja neno lako kwangu, na nilikasirika, na hasira imekwisha. Ile fimbo ya Machi umeilipa yote. Sikudai tena."

"Una hakika? Sikulipa ulichodai."

"Nilidai kitu kibovu. Nimelipwa kizuri. Sikudai tena hata senti, mbele ya hawa mashahidi wote."

Eljas alivua glavu ya kulia na kumpa mkono. Walishikana kwa nguvu, na deni likawa limelipwa.