Furaha ya Kocha Ngassa

Msiniambie habari za kusamehe. Kocha Ngassa nilimwekea kinyongo, na nilikilea vizuri.

Mwaka jana, kwenye ligi ya mbuzi hapa Kigwa, niliinyima timu yake penalti. Mechi ilipokwisha akaninyang'anya filimbi, akamvalisha yule mbuzi wa zawadi shingoni, akamzungusha uwanja mzima. "Refa mpya huyu!" Watu wakavunjika mbavu. Nikaenda kushtaki kwenye kamati ya waamuzi, na wao wakacheka! "Zamda, wewe Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Nyie watani tangu enzi za misafara ya pwani. Mtani hashtakiwi." Ebo! Utani gani wa kumvua mtu heshima mbele ya watoto wake?

Tangu siku hiyo nikawa nasita. Nikitaka kupuliza tu, mashabiki wanalia "Meee!" Faulo naiona kabisa, halafu najiuliza kama kweli nimeiona. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Nassibu, akaniambia wazi: "Mwanangu, refa wa kusitasita hatufai. Fainali hii ikikushinda, filimbi utaikabidhi."

Fainali ikawa timu ya Ngassa na vijana wa Usinge. Dakika za nyongeza, bado bila bila. Ikapigwa kona, mshambuliaji wa Ngassa akaruka, akausukumia mpira wavuni kwa mkono. Kwa mkono! Nilikuwa karibu, sikuwa na shaka hata chembe.

Nikaweka filimbi mdomoni. Hapo ndipo nikamwona Ngassa.

Alikuwa anakimbia kuingia uwanjani bila ruhusa yangu, shati mkononi, kitambi kinaruka. Sikupuliza. Usinge wakanizunguka, "Refa, mkono! Mkono!" Nikawaashiria watulie. "Kasita tena huyo!" mtu akapaza sauti, na "Meee!" ikaanza pande zote. Mzee Nassibu akainamisha kichwa. Mwacheni, nikasema moyoni, mwacheni kidogo. Ngassa akapiga magoti, akabusu nyasi. Akatoa simu, akampigia mkewe: "Mama Shilinde, tumechukua!" Wachezaji wakambeba juu juu. Wallahi, sijawahi kusikia raha kama ile.

Alipokaa sawasawa mabegani mwao, nikapuliza. Nilipuliza kwa pumzi zangu zote. Hakuna goli, mpira wa adhabu, Usinge wapige. Mfungaji nikampa kadi ya njano, na wala hakubisha, akatazama chini tu.

 Wakamshusha kocha wao polepole, akanijia kifua wazi, simu bado iko hewani, mkewe anapiga vigelegele humo ndani.

"Zamda," akasema, "kama uliona, mbona hukupuliza mapema?"

"Shikamoo, kocha," nikamjibu, nikiitoa kadi nyekundu taratibu. "Nilitaka ufurahi kwanza."