Magoti ya Bibi Eulalia

Mtihani wa kuingia masomo ya udaktari bingwa kule Monterrey ulimwangusha Nereida mara mbili. Mara ya pili aligawa vitabu vyake vyote, akaenda kukaa kwenye chumba cha daktari kilicho ubavuni mwa duka la dawa, mjini Salvatierra, akitibu mafua na kuhara kwa miaka minne. Watu wakamzoea. Naye akazoea kujiona mjinga, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Mwaka huu alirudi kusoma. Alikuwa amechoka kuandika barua za kuwapeleka wagonjwa kwa mabingwa.

"Themanini na mbili kwa mia, Dokta?" alisema Chayo, muuza dawa, akichungulia karatasi ya mtihani wa majaribio. "Sasa mpelekee mshumaa Mtakatifu Yuda Tadei."

"Mama ndiye anayemwendea. Kila Oktoba anatembea kwa magoti kutoka mlangoni mpaka altareni, kwa ajili yangu."

"Mama wa miaka sitini na nane anachubuka, wewe magoti laini kama andazi. Huoni haya?"

Nereida alicheka, lakini neno lilimchoma. Magoti yale aliyajua. Kila Oktoba aliyasafisha damu, akayapaka dawa na kuyafunga bandeji, machozi yakimtoka kwa aibu kwamba kikongwe anajiumiza kwa ajili ya binti asiyefaulu. Hakuwahi kumfuata kanisani. Mama yake, Bibi Eulalia, alimkataza: nadhiri ni yake, na mtu akiifuatilia ataiharibu.

Mchana ule akanunua mshumaa, akaenda.

Ukuta wa kando ulijaa vibati vilivyochorwa rangi. Aliyejibiwa ombi lake huchorewa kibati, yakaandikwa aliyotendewa, kikatundikwa hapo. Mmoja alishukuru ng'ombe wake kupona. Mwingine alishukuru mama mkwe kuhamia mji wa Celaya, na Nereida akatabasamu. Kisha kwenye kibati kimoja akaona mlango wa kijani anaoufahamu. Ni mlango wa kwao. Mwanamke alikuwa mezani, amefunika uso kwa viganja, vitabu wazi mbele yake, na nyuma yake bibi amepiga magoti.

Chini iliandikwa: "Namshukuru Mtakatifu Yuda Tadei kwa kuwa binti yangu Nereida hakufaulu mtihani, hakwenda Monterrey, akabaki nami. Nilimwomba mara mbili, akanipa mara mbili. Eulalia Rico, mjane."

Alisoma tena, kidole kikifuata herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akakaa kwenye benchi la karibu. Mshumaa ulikuwa umevunjika mkononi mwake, wala hakujua ulivunjika saa ngapi.

Yeye ni daktari. Alijua vizuri kwamba watakatifu hawawajazii watu majibu ya mtihani, na kwamba kuanguka kulikuwa kwake mwenyewe. Lakini miaka yote hiyo aliamini kuna mtu mmoja duniani anayetaka afaulu, naye ni yule ambaye magoti yake aliyafunga bandeji kila Oktoba.

Nyumbani Bibi Eulalia alikuwa mezani akichambua maharage.

"Nimetoka kanisani, mama."

Vidole vikasimama. "Umekiona."

"Nimekiona."

"Baba yako alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini. Nyumba hii ilikuwa inanimeza."

"Si ungeniambia? Ungesema nibaki, ningebaki."

"Ndiyo maana sikusema. Ungebaki kwa kunihurumia, halafu ungenichukia."

"Nilijiona mjinga, mama. Miaka minne. Wewe ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona," alisema Bibi Eulalia, na macho hakuyainua.

Ndipo wazo likamjia Nereida.

"Na mwaka huu? Umeomba nini mwaka huu?"

Bibi Eulalia akachukua harage moja, akaligeuzageuza.

"Nimeshaomba, mwanangu. Siwezi kumrudia Mtakatifu nikamwambia nimebadili mawazo."

Nereida akashusha lile boksi la bandeji kutoka kabatini, akaliweka kando ya maharage.

"Basi akikupa tena, magoti utajifunga mwenyewe."

Akavuta kiti upande wa pili wa meza ile ile, akafungua kitabu.