Wapandaji wa Wino

Siku kumi kabla ya Idi ya mwaka 1970, baada ya swala ya alasiri, Harub bin Thani, fundi cherehani wa Matrah, alipanda farasi wa kuazima akakaa nyuma kabisa, karibu na mkia. Unguja alizoea punda, na punda hupandwa hivyo. Yeye na wenzake wanne waliotoka huko walikuwa wamejitolea kukimbiza farasi siku ya Idi, wawili wawili, wameshikana mikono kama ilivyo desturi ya Oman. Alitaka mji umhesabu mwenyeji.

Hamdiya, binti wa marehemu kaka yake, aliyerudi kutoka shule ya bweni ya Kairo na cheti cha tabia njema, alimchora. Alichonga soli ya kandambili kwa wembe, akaipaka wino, akapiga chapa ishirini na nne na kuzibandika kwenye ukuta wa soko. Chini aliandika kwa Kiarabu: "Jeshi la Mkiani." Watu walicheka, Hamdiya naye akacheka nao. Siku hiyo hakuna aliyemwita Mzanzibari.

Kila walipocheka, mpandaji wa karatasini aliteleza nyuma kidogo. Siku ya tatu wote walianguka. Hamdiya aliwakuta chini ya ukuta, warefu kama kidole, wakikung'uta vumbi kanzuni. Akawatia kwenye kikapu cha ndimu.

"Taratibu, mwanangu," alisema mmoja. "Nna kiuno kibovu."

Ami Harub alikuwa na kiuno kibovu. Njia nzima Hamdiya hakuinua uso.

Magharibi ilipoingia, ami yake aliwapasulia wageni tende moja, wakafuturu.

"Nani kakuchoreni?"

Wote ishirini na nne walitazama mkeka, kwa adabu. Hamdiya pia.

"Kachora vizuri," alisema Harub. "Hata kiraka cha kwapani kakitia. Watu wa sokoni hawakijui hicho."

"Nisamehe, ami."

"Sogea, uwapishe wageni."

Siku ya Idi msimamizi wa mbio aliwapa Harub na wenzake wanne kazi ya kunywesha farasi maji badala ya kuwapanda. Harub alibeba ndoo, na mfukoni mwake wale wadogo walisimama wawili wawili, wameshikana mikono.

Hamdiya alikwenda kubandua chapa, lakini gundi ilikuwa imeshika. Farasi walibaki ukutani bila wapandaji, na watu waliendelea kucheka, wakionyeshana mahali Harub alipokuwa amekaa.

"Wee Mzanzibari!" aliita muuza halwa. "Tuchoree mwengine."