Spika Iliyofungwa Kinyume

Kazi mbovu hunipandisha hasira hata kama hainihusu. Kwa hiyo mzee mmoja aliponiletea gari la marehemu mwanawe gereji, nikafungua buti na kuona waya zilivyotupwatupwa, nilisahau kabisa kwamba niko mbele ya mfiwa.

"Nani kafunga uchafu huu?"

"Yeye mwenyewe," alisema mzee. "Ampu ya muziki iliungua wiki moja kabla hajatutoka. Kesho gari linachukuliwa na mnunuzi. Mama yake anataka alisikie likiingia nyumbani mara moja tu, kama zamani."

Niliona aibu. Nikatumbukiza kichwa kwenye buti kama mtu anayetafuta spana.

Spika za besi zilikuwa mbili ndani ya boksi moja, kila moja yenye ukinzani wa omu nne. Ukiziunga sambamba zinakuwa omu mbili, yaani zinavuta umeme zaidi, na ile ampu yake ndogo haikuwa ya kubeba mzigo huo. Nikachagua nyingine inayoziweza, nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri na kuweka fyuzi karibu na betri, mahali pake. Halafu nikakuta kichekesho: spika moja kaifunga kinyume, chanya kwenye hasi. Moja ikisukuma, mwenzake inavuta, besi inamezana yenyewe kwa yenyewe. Maskini kijana, badala ya kukagua waya alikuwa akiongeza sauti tu, mpaka ampu ikatoa moshi. Nikaufunga waya sawasawa, nikajiona bingwa.

Saa kumi niliendesha mwenyewe hadi kwao, mzee kando yangu, redioni wimbo kutoka kwenye flashi ya kijana. Besi ilitoka nzito, imeshiba, hata vioo vya madirisha viliitikia. Mama alikuwa amekaa barazani, mikono mapajani. Akatikisa kichwa.

"Hilo si gari la mwanangu."

"Ndilo lenyewe, mama. Sasa ndiyo linapiga inavyotakiwa. Kijana alikosea kufunga spika, nimemrekebishia."

"Nani alikutuma umrekebishie?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko tusi. "La kwake lilikuwa linakohoa, baba. Nalisikia tangu kwenye kona ile, kohokoho, nanyanyuka kubandika chai. Kila siku ananiambia, mama, nitalitengeneza nikipata nafasi."

Mzee alitazama viatu vyake. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, sijawahi kurudishiwa kazi kwa sababu ni nzuri. Nilitaka kubisha, si uongo. Ulimi ulishafika kwenye meno. Kisha nikakumbuka mzee aliniambia "kama zamani", na mimi sikumsikiliza.

Nikafungua buti. Nikalegeza waya mbili za spika ile nikazibadilisha, chanya kwenye hasi, hasi kwenye chanya. Tangu nijue kushika bisibisi sijawahi kufunga kosa kwa makusudi. Nililia kidogo humo ndani, sioni haya kusema. Nikamwacha mzee mlangoni pa nyumba, nikarudi na gari hadi kwenye kona, nikageuza, nikaongeza sauti kama alivyokuwa akiongeza yeye.

Besi ikanywea. Kilichobaki ni kibati cha namba na mfuniko wa buti vikigongana. Lilikohoa kwelikweli, njia nzima.

Niliposimama, kiti cha barazani kilikuwa kitupu. Nikazima redio. Mzee alikuwa bado mlangoni, anatazama ndani. Nikasikia maji yakimiminwa sufuriani, kisha kiberiti. Tukasubiri, mimi nimeshika usukani, mzee ameshika mlango, tusikie vikombe. Havikulia.

"Baba..." mama alimwita mumewe kutoka jikoni, kwa sauti ndogo, akaishia hapo bila kulitaja jina la mtoto. "Njoo unizimie jiko."