Jibu la Gaylen Rask

Marlys Tveit alikuwa na duka la vifaa kwenye barabara kuu ya mji wao, huko kwenye tambarare za Dakota Kaskazini. Misumari, koleo, chakula cha mbwa, na kule nyuma ukutani, bunduki. Misumari haijawahi kumkosesha usingizi. Wiki hiyo alikosa usingizi kwa ajili ya bastola moja tu, ndogo, iliyofungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kaunta ikimsubiri Gaylen Rask.

Utaratibu mji mzima waliujua. Mnunuzi anajaza fomu, Marlys anawapigia simu watu wa serikali wanaokagua rekodi, nao wanajibu moja kati ya matatu: mpe, usimpe, au subiri. Ukiambiwa subiri, na siku tatu za kazi zikapita bila neno, sheria inakuachia mwenyewe muuzaji uamue. Sasa Gaylen, miaka nenda miaka rudi, ni mtu wa kuambiwa subiri. Huko Nevada kuna mwenzake wa jina hilohilo, aliyezaliwa mwaka uleule, aliyefungwa kwa kuvunja maduka, na kompyuta haijui huyu ni yupi na yule ni yupi. Watu walimtania mpaka basi. Akiingia mkahawani wanamwita Jambazi na kushika mifuko yao, naye anacheka pamoja nao. Muda ukiisha anakwenda kwa Marlys, anachukua bunduki yake ya kuwindia, yamekwisha. Hakuna aliyewahi kujiuliza lolote, maana jibu walikuwa nalo tayari.

Mbona basi safari hii Marlys hatulii?

Alijiambia ni ile bastola. Gaylen amewinda kulungu tangu utotoni na hajawahi kutaka bastola. Alipomuuliza ya nini, alisema ya vicheche waliohamia chini ya baraza yake. Haya, vicheche wapo. Kisha akajiambia ni Corinne, mke wa Gaylen. Jumapili baada ya ibada, wanawake walipokuwa wakipakua viazi na nyama na kubishana nani kasahau chumvi, Corinne alikula amesimama mlangoni, hajavua koti, na ukumbi joto lake la kutoa jasho. Nje Gaylen alipowasha gari tu, Corinne akaiweka sahani chini na chakula chake nusu, akatoka. Marlys aliona. Wote waliona, wakarudi kwenye habari ya chumvi. Ndivyo walivyo watu wa huko. Ukiugua watakuletea supu mwezi mzima, lakini kukuuliza ya ndani ya nyumba yako, hilo hawathubutu, na wanaliita heshima.

Muda ukaisha na serikali kimya. Asubuhi hiyo Marlys alipanga upya makopo ya rangi ambayo hayakuwa na kasoro. Akafuta kaunta, akaifuta tena. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimweka roho juu. Gaylen akaingia kabla ya chakula cha mchana, pande la mtu, mchangamfu, akigonga kaunta kwa vidole.

"Haya bibie, Jambazi kaja kuchukua mzigo wake."

"Hawajajibu, Gaylen."

"Lini waliwahi kujibu? Muda umekwisha. Sheria unaijua kuliko mimi."

Marlys akamwambia safari hii atasubiri mpaka ajibiwe. Gaylen akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akasema marehemu Harold asingemfanyia hivyo. Hilo lilimchoma Marlys, kwa sababu ni kweli. Mumewe angempa mzigo wake na soga juu.

Gaylen alipoondoka, Marlys alimkasirikia yeye kwanza, halafu akajigeukia mwenyewe. Wewe nani, hakimu? Mwanamke hakuvua koti kanisani, wewe umeshamhukumu mumewe? Kufika jioni maneno yalikuwa yamezagaa mkahawani kwamba Marlys Tveit kazeeka, anaogopa hata watu aliosoma nao. Mara mbili alimpigia Corinne simu, na mara mbili akakata kabla haijapokewa, maana angeanzia wapi? Akabaki kuiomba serikali imtue ule mzigo. Aliomba kabisa, mikono kaifumbata, kwamba waseme usimpe, ili yeye asiwe mtu wa kusema.

Kesho yake simu ikalia. Msichana mmoja mwenye sauti ya upole akamwambia: mpe.

Marlys akauliza kama wana hakika. Msichana akajibu wameshamtenganisha na yule wa Nevada, na huyu hana kesi wala shtaka lolote. Naam, atakuwa nalo wapi? Huko maofisini wangejuaje aliyekula amesimama, ikiwa waliomwona kwa macho yao walinyamaza? Marlys alikata simu, akakaa juu ya gunia la chakula cha mbwa. Hakuwa na wa kujificha nyuma yake tena.

Gaylen alipokuja, uongo ulikuwa umeshamfika Marlys mdomoni, kwamba bado kimya. Akaumeza.

"Wamejibu," akasema. "Wamekuruhusu."

"Si nilikwambia?" Gaylen akanyoosha mkono.

"Mimi sikuuzii. Pesa yako hii hapa."

"Kwa sababu gani?"

Alikuwa amejiandalia maneno mengine, ya kuzungukazunguka. Hayakutoka.

"Corinne anakuogopa, Gaylen."

Alitegemea atafoka. Hakufoka. Aliukunja mkono wake taratibu, uso wote wa mkahawani ukamtoka, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kasema yeye?"

"Hajasema neno. Nasema mimi."

"Kasema lini?" Gaylen akauliza tena, kama mtu asiyesikia.

Hapo ndipo Marlys alipoelewa alichofanya. Alijipa ushujaa, na atakayeulipia ni mwingine. Gaylen akaziacha pesa pale kaunta, akatoka, pikapu yake ikashika njia ya mashariki kuelekea mji mkubwa, ambako kuna duka jingine la bunduki, na rekodi yake sasa ni safi. Nyumbani kwa Gaylen ni magharibi. Marlys hakufunga hata mlango wa duka. Aliendesha gari kama mwendawazimu kwenye barabara ya changarawe ya kwenda huko, akijilaani kwa sauti.

Alimkuta Corinne uani akianua nguo. Akamwaga yote papo hapo, hata lile alilomwambia Gaylen, maana hilo ndilo lililokuwa zito zaidi. Corinne hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Serikali imesema nini?"

"Imesema apewe."

Corinne akatikisa kichwa polepole. Shati la mumewe lilikuwa bado mkononi mwake. "Wiki hii, kila alivyorudi bila hiyo bastola, usiku ule nililala," akasema. "Nilijua nikimwona anatabasamu, ameipata, ndio basi."

"Twende, mdogo wangu. Acha nguo."

Corinne akaliacha shati lianguke. Alitembea hadi kwenye gari la Marlys bila kugeuka, akashika mlango, lakini hakuingia. Akamtazama Marlys, na katika macho yake hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Miaka yote hii, Marlys. Jikoni kanisani, kila Jumapili. Mbona hamkuwahi kuniuliza?"

Marlys angesema ni heshima? Neno lenyewe sasa lilikuwa aibu.

"Nakuuliza sasa," akasema.

Corinne akaingia garini, akafunga mlango. Walipofika barabara ya lami alikuwa ameshaanza kusema, na Marlys akamsikiliza.