Upepo Ndani ya Klachi

“Umeshika klachi au hujashika?”

“Nimeshika, dada.”

“Sasa mbona inanifuata?”

Mama Tumwagile anarudi kinyumenyume uani, kitanda cha futi tano kwa sita kichwani, na pikipiki yangu inamfuata polepole kama mbuzi aliyeona pumba. Nimebana klachi mpaka vidole vinauma. Haya yalinikuta usingizini jana usiku, lakini ugomvi wenyewe ni wa kweli, Kihesa nzima inaujua. Pikipiki hiyohiyo, niliyoinunua kwa mtu, ilimvamia jikoni ikamwaga sufuria. Tangu hapo jirani yangu huyo, tuliyekuwa tukila sinia moja, hanisalimii. Na habari zilizonifikia ni kwamba amepata chumba Mlandege, anahama.

“Pikipiki gani haina hata kiti!”

“Ni ya kupandia mawe, dada. Unaiendesha wima.”

“Haya, nakaa mbele yake, gia ikiwa imo. Ikitulia, nabaki. Ikinigusa, ndiyo nimehama hivyo.”

Nikaigeukia pikipiki. “Umesikia?”

“Mimi nimesikia,” ikajibu. “Wasiosikia wako ndani. Nenda kawaulize.”

Nikafungua kikombe cha mafuta ya klachi kwenye usukani, nikavua kandambili, nikaingia humo.

Mlangoni palikuwa na raba ya kuzuia mafuta yasivuje, imevimba, imeziba karibu mlango wote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Pita kwa ubavu, mwanangu. Fundi wenu Chengula kanilisha mafuta ya breki, na mimi ni wa mafuta ya madini. Ona nilivyo.”

“Chengula ni mtu mzuri, mama.”

“Sijakataa. Amezoea bodaboda, zenye klachi ya waya. Kautafuta waya aukaze, hakuna. Kaona kikombe usukanini, kasema hiki ni cha breki tu, kamimina. Kisha akapigiwa simu, akaenda zake na kifuniko kiko wazi. Ndipo wakaingia wale.”

Wale walikuwa sebuleni. Sebule ndefu, nyembamba kama mpira wa maji, ina makochi yenye vitambaa, na kila kochi limekaliwa na puto la upepo, la mviringo, angavu mpaka upande wa pili unaonekana. Wanakunywa chai. Moyo wangu ukafurahi. Mimi nyumba ikijaa watu, hata njaa siisikii.

“Karibu, Zabroni! Tulikuwa tunakusema wewe.”

“Mnanisema nini?”

“Kaa kwanza.”

Kabla sijakaa, mkono wa klachi ukapaza sauti huko juu: “Achianeni!”

Puto la kwanza likalipokea neno, likanywea kidogo. “Eti waachiane. Nani kagombana na nani?” Likampa mwenzake. Naye akalionja, akanywea, akasema alilijua zamani. Likazunguka sebule nzima hivyohivyo. Lilipofika mwisho, halikuwa na nguvu ya kusukuma hata nzi.

Huko mwisho zimekaa pleti za klachi, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, zimeshikana mikono.

“Hamkusikia?” nikauliza.

“Tumesikia fununu,” ikajibu iliyo karibu. “Kwa fununu tunalegeza vidole tu. Hatuachii.”

Nikarudi sebuleni. “Jamani, naombeni mtoke.”

“Hatuna kinyongo,” wakasema, “ila sisi hatushuki, tunapanda tu. Nenda chini utusukume.”

Mara niko zahanati. Nimevaa koti jeupe, mkononi nina bomba la sindano limejaa mafuta ya madini, ya kijani, na ukutani kuna kitundu kinaningojea kama mgonjwa. Nachomeka. Nasukuma taratibu. Upepo unapanda, mmoja mmoja, na kila anayepita ananipa mkono na kuwasalimia wa nyumbani. Mafuta ya breki nayo yanatoka. Raba ile nene inajikusanya, inaaga, inampisha mlangoni mpwa wake mwembamba, raba mpya.

Akabaki upepo mmoja, mnene kuliko wote. Amekamata fremu ya mlango.

“Zabroni, wewe ni mtu wa watu. Ukitutoa sisi, utaongea na nani?”

Sebule nyuma yake ilikuwa tupu, vikombe vya chai bado vinafuka.

“Nitaongea na Mama Tumwagile,” nikasema.

“Na akikataa?”

Nikasukuma.

Mkono wa klachi ukasema, “Achianeni,” na safari hii haukupaza hata sauti. Pleti zote zikaachiana palepale.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na mafuta ya kijani mpaka kwenye kiwiko, na humu ndani sijawahi kuleta mafuta ya kijani.

Sikunawa. Nikatoka uani, nikaipiga pikipiki kiki, nikabana klachi, nikaingiza gia.

Mama Tumwagile akatoka kwake na begi. Akalitazama tairi la mbele. Injini inanguruma, tairi limetulia. Akasogea, akasimama mbele yake, akaongeza hatua mpaka kitenge kikagusa mpira.

Tairi halikusogea.

“Nani kaitengeneza?”

“Mimi, dada.”

“Lini?”

Akautazama mkono wangu, akanitazama usoni, akaliweka begi chini.

“Zima hilo dude, unawe mikono. Viazi vimeiva, ingia tule.”