Zaburi ya Kuku wa Gilmour

Mama tulimzika Machi, udongo ukiwa bado mgumu kwa barafu. Tangu siku hiyo baba haimbi nyumbani, nami naandika haya nisije nikasahau jinsi nyumba yetu ilivyokuwa na kelele.

Baba alikuwa kiongozi wa zaburi katika kanisa la kijiji chetu cha Balnabrae. Kinanda hatukuwa nacho, wala hatukukitaka. Yeye huimba mstari mmoja, waumini huurudia, kisha mwingine, hadi mwisho. Baba alikuwa mjenzi wa kuta za mawe, na zaidi ya zaburi hakuwa na kingine cha kujivunia.

Maneno matakatifu hayakuguswa siku za kazi. Ukifanya mazoezi ya sauti ya zaburi, unatia maneno mengine yoyote. Ya baba aliyatunga mama, huku akikoroga uji. Wiki moja alimtungia Mzee Gilmour, mkuu wa wazee wa kanisa, ambaye uchoyo wake ulijulikana hadi ng'ambo ya kilima:

Kuku wa Gilmour hatagi,
kutwa hapewi chakula;
Gilmour kamwambia wazi:
"Taga kwanza, ndipo kula."

"Mama Grizel, utanifukuzisha," baba alisema, akicheka.

"Imba wewe! Kwani Gilmour yumo humu sufuriani?"

Akaimba wiki nzima. Jumapili akasimama mbele ya watu, akafumba macho kama kawaida yake, akaanza: "Kuku wa Gilmour hatagi."

Watu waliozoea kurudia wakarudia, tena kwa uchaji. Kwenye mstari wa pili sauti zikaanza kudondoka moja moja, mpaka akabaki Mzee Gilmour peke yake, akiimba kwa sauti nene kwamba kutwa hapewi chakula. Baba, macho yamefumbwa, akaendelea hadi mwisho. Alipoyafumbua, kanisa zima lilikuwa likimkodolea macho.

Kesho yake Gilmour alikuja kwetu. Baba alisimama karibu na moto, ameshika kofia mkononi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Archibald, kuanzia Jumapili ijayo ataongoza Purdie mhunzi."

"Maneno ni yangu, mzee," mama akadakia. "Niadhibu mimi."

"Wewe nina swali nawe." Gilmour akashusha sauti. "Nani kakuambia ninachomwambia kuku wangu?"

Mama akatoka mbio kwenda kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Wiki ile baba hakumaliza bakuli hata moja la uji. Alipanga mawe yake bila kuimba.

Jumapili, Purdie akaianza zaburi juu mno. Wanawake wakajitahidi kumfuata, wakashindwa. Wanaume wakajifanya wanakohoa. Kufikia mstari wa tatu waliokuwa bado naye ni mbwa wa kuchunga kondoo, waliokuja na wenyewe na kulala chini ya mabenchi, wakaanza kulia pamoja naye. Purdie akanyamaza. Mbwa wakamalizia.

Mzee Gilmour akageuka polepole kutuangalia.

"Archibald, panda. Ila leo usifumbe macho!"

Baba akapanda, macho kayatoa kama mtu aliyekanyaga moto, akaimba zaburi yenyewe, neno kwa neno, na kanisa zima likamjibu. Mama alikuwa akitazama mikono yake, uso umeinama kwa unyenyekevu, midomo kaibana. Mimi nilikaa kando yake. Benchi lote lilikuwa linatetemeka.